Lafudhi ya Kuombea Gari la Wagonjwa

Katika nchi yetu hakuna jambo linalofanyika bila sababu, na sababu ya Sheria ya Lafudhi ilikuwa mahindi.

Mwaka ule mvua zilikataa, na Mheshimiwa Rais akaenda nchi za baridi kuwaeleza wafadhili hali ya wananchi wake. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akasema kwa Kiingereza kwamba watu wake wana njaa. Wanaoijua vizuri lugha hiyo wanasema neno la njaa na neno la hasira hutofautishwa na pumzi moja tu mwanzoni, na pumzi hiyo Mheshimiwa hakuitoa. Wafadhili walisikia kwamba watu wake wana hasira. Walisikitika sana. Baada ya mwezi mmoja meli ikatia nanga bandarini kwetu, imebeba ngao, kofia za chuma na mabomu ya machozi ya kututosha miaka tisa.

Mabomu hayakupotea bure, maana watu wenye njaa wakisubiri mahindi wakaletewa kofia za chuma, hasira wanaipata kweli. Lakini Serikali yetu ni sikivu. Iliunda kamati, kamati ikakaa hotelini siku arobaini, ikagundua kwamba tatizo la nchi halikuwa mvua, wala maghala matupu, wala waliokula akiba iliyokuwa ndani ya maghala. Tatizo lilikuwa midomo ya wananchi.

Ndipo ikazaliwa Mamlaka ya Lafudhi ya Taifa. Mkurugenzi wake alikuwa Daktari Ladislao Kibeto, mtu aliyeishi ughaibuni miezi kumi na moja na kurudi akiwa hawezi tena kulitamka jina la kijiji chao. Siku ya uzinduzi alivaa koti la sufu, jua likiwa la kupasua mawe, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wameendelea kwa sababu wanatamka vizuri. Sisi tunaburuza irabu kama mtu anayeburuza gunia. Kuanzia leo, huduma yoyote ya Serikali inayotolewa au kuombwa kwa mdomo itatolewa na kuombwa kwa Kiingereza, kwa lafudhi isiyopungua asilimia sabini."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa moyo mweupe, kwa kuwa ni mtumishi wa umma na naamini ninachoambiwa. Isitoshe, sikupimwa. Mimi ni karani, kazi yangu kuandika kumbukumbu za vikao, na Mamlaka ilikuwa bado haijavumbua mashine ya kupima lafudhi ya kalamu.

Aliyepimwa ni Bi Sikudhani Lugome.

Bi Sikudhani alikuwa mpokea simu katika Kituo cha Dharura, ghorofa ya pili ya jengo letu. Alikuwa ameikalia simu ile miaka kumi na tisa. Mtu akipiga huku analia, akishindwa hata kusema yuko wapi, Bi Sikudhani alimuuliza anaona nini mbele yake, na mtu akisema anaona mashine ya kusaga yenye paa la kijani, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameshawasha injini. Aliujua mji wote kwa mashine zake za kusaga, misikiti, makanisa na mifereji yake mibovu. Na alikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka. Wapo watu mjini wanaosema sauti ile ndiyo iliyowaweka hai mpaka gari likafika.

Jopo la wapimaji lilikuwa na watu watatu. Wawili walikuwa wa kwetu. Wa tatu aliletwa kutoka huko Kiingereza kinakotoka, kwa tiketi ya daraja la kwanza, ili zoezi liwe na hadhi. Walimpa Bi Sikudhani karatasi, akasoma. Wale wawili wa kwetu wakakunja nyuso kama walioonja dawa. Yule mgeni akasema amemwelewa mama huyu vizuri kabisa, kila neno, na haoni kwa nini wanamsumbua.

Mgeni alirudishwa kwao jioni ileile. Nafasi yake ilijazwa na mpwa wa Daktari Kibeto.

Bi Sikudhani alipata asilimia thelathini na moja. Aliondolewa kwenye simu, akapelekwa Darasa la Marekebisho, mlango wa pili kutoka pale alipokuwa akifanyia kazi. Huko aliwakuta walimu wa hesabu, askari wa zimamoto na bwana mmoja mpimaji wa maji ya kunywa, kila mmoja ameshika kioo cha mkononi na kizibo cha chupa kati ya meno. Walikuwa wakisoma kwa sauti, kutwa nzima, habari za theluji.

Kwenye kiti chake kituoni aliwekwa Priska, binti aliyepata asilimia tisini na nne. Priska hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amejifunza Kiingereza chake kwenye filamu, na hakuna aliyemwambia kwamba simu ile ilikuwa ya watu wanaokufa. Alifundishwa jambo moja tu. Mtu akipiga, kwanza mashine inampima. Akifika sabini, simu inaingia kwa Priska. Asipofika, anahamishiwa kwenye somo lililorekodiwa, anafanya mazoezi, anapimwa tena, mpaka afaulu au akate simu mwenyewe.

"Na kama nyumba inaungua?" Bi Sikudhani alimuuliza Daktari Kibeto siku aliyopita kukagua darasa. Alikitoa kizibo kwanza ili aulize.

"Hiyo itampa ari ya kujifunza haraka," alijibu Daktari. "Rudisha kizibo, mama."

Miezi miwili ilipita. Takwimu za Kituo cha Dharura zilikuwa nzuri ajabu. Simu zilizopokelewa zilipungua kutoka mia mbili kwa siku hadi sita, na Mheshimiwa Waziri alilieleza Bunge kwamba dharura nchini zimekaribia kutokomezwa.

Sasa nitaeleza habari za Tuwano Mkwawile. Nimeisikia simu yake mara nyingi kuliko ninavyotaka, na kinywani mwake mwenyewe nimesikia yale ambayo simu haikuyachukua.

Tuwano ni fundi viatu, anaishi Ng'ambo ya Reli. Siku ya Alhamisi mkewe, Rozina, alijifungua nyumbani alfajiri mtoto wa kiume, salama, mikononi mwa jirani. Saa nne asubuhi akaanza kutokwa damu. Jirani aliyaona matandiko, akamwambia Tuwano apige simu haraka. Baiskeli isingefaa kumbebea mgonjwa wa aina ile, na bajaji ilikuwa haipiti kwa sababu ya mfereji.

Tuwano alipiga saa nne na dakika kumi. Kiingereza alikiacha darasa la saba, lakini alijitahidi. Alisema mke, akasema damu, akasema nyingi. Mashine ikampa asilimia ishirini na sita. Kisha ikaja sauti ya kike, tamu, ya kwenye kanda, ikamwambia arudie: hali ya hewa leo ni nzuri.

Naye akarudia. Alifikiri ndiyo njia ya kupita. Alifikiri ukisema vizuri mlango utafunguka, mtu atasikika upande wa pili. Akasema hali ya hewa leo ni nzuri. Akaambiwa ameburuza. Akasema tena. Akasema kwamba waridi la bustanini ni jekundu. Nyuma yake, kwenye simu, mtoto mchanga anasikika akilia na yule jirani anasikika akisema, "Tuwano, wanasemaje, wanakuja?" na Tuwano anasikika akimjibu, "Bado wananipima."

Daktari Kibeto, mtu asiyependa kitu kipotee, alikuwa ameagiza simu zote zilizofeli zitolewe moja kwa moja kwenye spika za Darasa la Marekebisho, wanafunzi wajifunze kutokana na makosa hai. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wakiandika kwenye daftari kila irabu aliyoiharibu Tuwano. Walikuwa wameshajaza ukurasa. Wengine walikuwa wakicheka, maana neno waridi alilitamka vibaya sana.

Bi Sikudhani alikuwa ametoka kliniki, akachelewa darasani. Aliingia saa nne na dakika arobaini na sita. Alisimama mlangoni akasikiliza kwa muda mfupi tu. Mkufunzi anasema alimwonyesha kiti, lakini mama hakukitazama kile kiti.

"Huyu mtu yuko hewani sasa hivi?" aliuliza.

"Ndiyo. Kaa uandike."

"Anasema mkewe anatokwa damu."

"Hilo ni la maana ya maneno, mama. Sisi leo tuko kwenye irabu."

Bi Sikudhani alitoka. Aliingia Kituo cha Dharura, akamwinua Priska kwa mkono mmoja, akavaa vifaa vya masikioni na kuichomoa ile mashine ukutani. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile, "Baba, nipo. Nimekusikia. Mbele yako kuna nini?"

Kwenye kanda ya simu ile, hapo Tuwano anaanza kulia.

"Utalia baadaye, baba. Niambie unaona nini."

"Mashine ya kusaga. Ina ukuta wa bluu. Halafu kuna mfereji, dada, gari halipiti."

"Naujua huo mfereji. Gari litapita upande wa shule, geti la nyuma. Mweke mkeo chali, miguu juu ya kitu chochote. Jirani yupo? Mwambie aweke mkono chini ya kitovu, asugue kwa nguvu, asiogope. Mtoto mweke kwenye ziwa, anyonye. Usiikate simu. Ongea na mimi."

Gari lilifika baada ya dakika tisa. Dereva aliniambia kwamba aliposikia sauti ya Bi Sikudhani kwenye redio, alikanyaga mafuta kabla hajaambiwa anakwenda wapi. Rozina alipakiwa akiwa na fahamu. Alimwuliza mumewe kama watu wa simu wamemwelewa, naye akamwambia ndiyo, wameelewa. Alifariki kwenye geti la hospitali. Daktari wa zamu alisema wangemfikisha nusu saa mapema, angekuwa nyumbani siku ya pili.

Cheti cha kifo kinasema upungufu wa damu. Ripoti ya Mamlaka, ambayo niliiandika mimi, inasema mpigaji simu alishindwa kutimiza masharti ya huduma. Niliandika hivyo kwa mwandiko mzuri. Nilipomaliza, nilikwenda kula.

Kungekuwa kimya kama ilivyo kawaida yetu, ila wakazi wa Ng'ambo ya Reli walilibeba jeneza wakapita nalo mbele ya jengo letu, hawasemi neno, na msafara wao ulichukua saa mbili kupita. Serikali ikaogopa, na Serikali ikiogopa huunda tume. Tume ikapewa mwenyekiti, jaji mstaafu, ikapewa pia magari matano mapya. Mimi nikapewa ukarani.

Kwa mujibu wa Sheria, ushahidi mbele ya tume ni huduma inayoombwa kwa mdomo. Tuwano alipimwa mlangoni, akapata ishirini na nane. Alikuwa amepanda kidogo. Akaruhusiwa kuhudhuria bila kusema. Walimwekea kiti kizuri na chupa ya maji.

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikuwa amefukuzwa kazi, jambo la kawaida, lakini alimwendea Tuwano nyumbani akamwambia, "Mdogo wangu, wanataka lafudhi. Nipe miezi mitatu niwaletee."

Alijifungia. Aliyekuwa akizicheka habari za theluji sasa alizisoma kutwa, kizibo mdomoni mpaka ufizi ukatoa vidonda. Alirekodi sauti yake, akaisikiliza, akairekodi upya. Binti yake aliniambia kuna wakati alikuwa akimwita mezani mama yake haitiki, kwa sababu alikuwa anapima kichwani jinsi ya kuitika. Alisema mama yake alichoka na akaona aibu, na mara mbili alitupa kioo chini. Lakini alitaka siku ya tume pasiwe na mtu hata mmoja wa kusema hakumsikia.

Siku ile alipata asilimia tisini na nane. Mashine haikuwahi kutoa namba hiyo. Priska alikuwa amepata tisini na nne, na Daktari Kibeto mwenyewe, inasemekana, huwa hapimwi.

Bi Sikudhani alisimama mbele ya tume akaeleza. Alianza saa nne na dakika kumi. Aliieleza damu, mtoto aliyekuwa akilia, na jirani aliyeuliza kama wanakuja. Alitaja dakika thelathini na nane moja baada ya nyingine, na katika kila dakika alisema Tuwano alifundishwa sentensi gani na damu ilikuwa imefika wapi kitandani. Alisema watu waliokuwa na masikio mazima waliisikia sauti ile kwenye spika wakaandika irabu. Aliwataja kwa majina. Alimtaja Daktari Kibeto, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Nilikuwa naandika, lakini kuna mahali niliiweka kalamu chini. Niliinua kichwa nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza taarabu. Mjumbe wa kulia alikuwa akitamka chini chini baada yake, akijaribu. Bi Sikudhani alipomaliza, tume nzima ikasimama ikapiga makofi. Daktari Kibeto alipiga kuliko wote, machozi yanamtoka.

"Mama," alisema mwenyekiti, "umejifunzia wapi?"

"Mheshimiwa, nimeeleza jinsi mtu alivyouawa."

"Tumekusikia, mama. Tumesikia kila irabu."

"Nimetaja majina."

"Na umeyataja vizuri mno. Hebu tusemee tena ile sehemu ya damu, wenzangu wairekodi."

Tuwano alikuwa akitazama nyuso zao. Hakuwa ameelewa yaliyosemwa, ila aliyaelewa makofi kwa namna yake. Alidhani wameshinda. Alimgeukia Bi Sikudhani akitabasamu, na yule mama akashindwa kumtazama.

Mapendekezo ya tume yalikuwa mafupi. Mamlaka ilisifiwa kwa kuweza kumtoa mtumishi kutoka thelathini na moja hadi tisini na nane. Na ushahidi wa Bi Sikudhani, majina yakiwa yameondolewa, uliamriwa kusambazwa katika shule zote za msingi, kama mfano bora wa matamshi, ukaririwe na kila mtoto kuanzia darasa la tatu.

Ulisambazwa kabla ya muhula kuisha. Huo ulikuwa wepesi ambao hata dawa za malaria hazijawahi kuupata.

Bi Sikudhani alikaa wiki kadhaa bila kutoka. Kisha, Jumapili moja mchana, alikwenda kwa Tuwano kumweleza ukweli wa yale makofi. Alimkuta barazani anagonga soli, mtoto mchanga amelala kwenye kikapu. Ndani, binti wa Tuwano, Tegemea, wa miaka tisa, alikuwa akisoma kazi ya shule kwa sauti. Alikuwa akisoma kwa Kiingereza kizuri sana, laini, bila kukwama popote. Alikuwa kwenye dakika ya ishirini na mbili.

"Anaongoza darasa," Tuwano alisema. "Mwalimu amemsifu."

Mtoto alitoka akamwamkia mgeni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hayo unayosoma umefundishwa na nani?"

"Yako kwenye redio ya shule. Ni wewe, bibi? Sauti yako inafanana." Halafu akauliza, "Maana yake nini? Mwalimu amesema maana tutafundishwa darasa la sita."

Bi Sikudhani alimtazama Tuwano. Tuwano aliacha kugonga. Nafikiri alikuwa ameanza kuelewa, maana aliiweka nyundo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mweleze," alisema. "Na mimi nisikie."

Akawaeleza wote wawili, kwa Kiswahili, kuanzia saa nne na dakika kumi. Ilichukua alasiri nzima. Tuwano aliniambia binti hakulia. Aliuliza maswali ya neno moja moja, hili ni lipi, na hili, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mchele.

Kesho yake nilikuwa shuleni kwao. Sikwenda kwa wema, nilitumwa pamoja na mkaguzi wa Mamlaka niandike alama. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na watatu. Mkaguzi aliomba aletewe mtoto bora, na mwalimu, kwa fahari, akamwita Tegemea.

Tegemea alisimama mbele, mikono nyuma. Akasema ushahidi wote kwa Kiswahili.

Mkaguzi alimwambia anyamaze alipofika dakika ya tatu. Hakunyamaza. Mwalimu alinyanyuka kumshika, akafika katikati ya darasa, akasikiliza, akakaa kwenye dawati la mtoto mmoja akajifunika uso. Wale watoto walikuwa wanayajua maneno yote kwa moyo, yote ya Kiingereza, kwa mpangilio. Niliziona nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine, kila mmoja akifika kwenye sentensi aliyokuwa akiimba wiki nzima uwanjani.

Alipomaliza alirudi kwenye nafasi yake.

Mkaguzi alifuta jasho. Alimnyooshea kidole mvulana wa dawati la kwanza, akamwambia aendelee kwa Kiingereza, kama walivyofundishwa. Mvulana alisimama.

"Siwezi," alisema.

"Umesahau?"

"Sijasahau. Anayesemwa ni mama yake Tegemea."

Mkaguzi akamwita wa pili, akasimama, akafunga mdomo. Akamwita wa tatu. Alipita dawati kwa dawati mpaka ukutani, watoto hamsini na wawili, na mimi nyuma yake na fomu yangu, na hakuna hata mmoja aliyemtolea irabu.